Saa 6 za Mgeni wa Meli: Ndege ya Mara, Amboseli, Tsavo au Lamu?

Meli ya kitalii inapofunga gati Kilindini, mgeni anayeshuka huwa na siku moja ya kuiona Kenya, mara chache mbili. Wengi huondoka kwao wakiwa na picha ya simba na ndovu akilini. Ndiyo maana swali ambalo dereva wa teksi, mwelekezi na muuza vinyago hulisikia kila msimu ni lile lile: je, mtu anaweza kwenda mbugani kwa ndege na kurudi kabla meli haijang'oa nanga?

Jibu ni ndiyo, lakini si kwa kila mbuga wala kwa kila meli. Mwenyeji anayeijua tofauti hiyo humsaidia mgeni kuchagua vyema. Anayejibu kwa pupa ili apate kamisheni anaweza kumtia mgeni hasara kubwa, au hata kumfanya aachwe na meli. Makala hii inaeleza jinsi ya kuzilinganisha safari nne za ndege ambazo mgeni wa siku moja anaweza kuzifikiria akiwa Mombasa.

Hesabu huanza na saa

Tuseme meli imefunga gati saa moja asubuhi na itaondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa kumtazama mgeni, hiyo ni siku nzima. Lakini abiria hawashuki papo hapo. Ukaguzi wa stakabadhi na foleni ya kushuka huweza kumfikisha saa mbili. Kutoka bandarini kupitia Makupa hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, kisha kukaguliwa na kupanda ndege, tayari ni saa tatu na nusu.

Jioni nayo ina hesabu yake. Meli huwataka abiria wawe wamerejea mapema kabla ya kuondoka, na msongamano wa magari Changamwe hauna miadi na mtu. Mwenye busara hupanga kutua Moi kufikia saa tisa na nusu alasiri, awe langoni mwa bandari saa kumi na nusu, na abaki na akiba ya muda endapo jambo litaharibika njiani.

Kwa hivyo siku nzima imegeuka kuwa saa 6, tangu ndege iruke hadi irudi. Kila safari ipimwe kwa kipimo hicho.

Maasai Mara: jina kubwa, muda mdogo

Mara ndiyo inayoulizwa zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 550 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambayo hutumika sana kwa safari za mbugani, huhitaji karibu saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Katika zile saa 6, mgeni hubaki na saa 2 tu ardhini, na chakula cha mchana kiko humo humo.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni haambiwi mara nyingi. Nyumbu huonekana kwa wingi Mara kati ya Julai na Oktoba. Meli nyingi za kitalii huja pwani yetu wakati wa kaskazi, na kati ya Januari na Machi nyumbu huwa kusini mwa Serengeti, Tanzania, wakizaa. Mgeni wa Februari anayeahidiwa kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara anadanganywa. Simba, ndovu na twiga wapo mwaka mzima, lakini kivuko hakipo.

Ada nayo hubadilika. Tangu 2024, Kaunti ya Narok humtoza mtu mzima asiye mkazi dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba. Safari ya puto la hewa moto, ambayo wageni huiona katika matangazo, hufanyika alfajiri, hivyo haiwezekani kwa aliyeamka melini Mombasa.

Mara inamfaa mgeni ambaye meli yake inalala Mombasa usiku mmoja au zaidi. Akilala mbugani, atapata mzunguko wa jioni na wa asubuhi, na gharama ya ndege itakuwa na maana.

Amboseli: ndovu na mlima

Amboseli ni takriban kilomita 300 kutoka Mombasa, mwendo wa saa 1 na ushei kwa ndege ndogo. Mgeni hubaki na zaidi ya saa 3 ardhini. Mbuga yenyewe ni ndogo, kilomita 392 za mraba, na vinamasi vyake huwavuta ndovu, kwa hivyo gari halihitaji kuzunguka sana kabla ya kuwaona.

Sifa yake nyingine ni Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Mlima uko Tanzania, lakini huonekana vizuri kutoka upande wetu. Wakati wa kwenda huwa upande wa kushoto wa ndege, na wakati wa kurudi upande wa kulia. Mgeni afahamu, hata hivyo, kwamba mawingu hupenda kuufunika mlima kadiri jua linavyopanda. Asubuhi mapema na jioni ndizo saa zake, na mgeni wa meli hufika katikati ya asubuhi. Anaweza kuuona, anaweza kuukosa. Asiahidiwe mlima, aahidiwe ndovu.

Pia asiambiwe kwamba atawaona wanyama wote watano wakubwa. Amboseli haina vifaru.

Tsavo Mashariki: je, ndege inahitajika?

Tsavo Mashariki ndiyo mbuga kubwa iliyo karibu. Kwa ndege ni kama nusu saa, na mgeni hubaki na karibu saa 5. Ndovu wake hujigaragaza katika udongo mwekundu hadi wakawa na rangi ya udongo huo, jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii.

Lakini Tsavo hufikika pia kwa barabara. Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 150, na lango la Bachuma liko karibu zaidi. Kwa siku njema, gari likiondoka saa mbili asubuhi huweza kuwa mbugani kabla ya adhuhuri na kurudi kwa wakati. Tatizo ni barabara yenyewe: malori ya mizigo na foleni za upande wa Miritini na Mariakani huweza kula saa nzima bila kutarajiwa.

Chaguo hapa ni kati ya pesa na uhakika. Familia ya watu wanne itaokoa pesa nyingi kwa kutumia gari. Mgeni ambaye meli yake inaondoka mapema, au asiyeweza kustahimili kuketi garini kwa muda mrefu, atafaidika na ndege.

Lamu: safari yenyewe ndiyo mandhari

Safari hizo tatu hununuliwa kwa sababu ya wanyama. Anayetaka kutazama nchi kutoka juu afikirie kaskazini. Ndege inayofuata ufuo kwenda Lamu hupita Mtwapa, Kilifi, Hori la Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke na Malindi, kisha mdomo wa Mto Sabaki, ambako maji ya rangi ya kahawia huingia katika bahari ya buluu. Baadaye huja delta ya Tana na visiwa vya Lamu. Wakati wa kwenda, bahari huwa upande wa kulia na bara kushoto. Caravan ina mabawa juu ya madirisha, kwa hivyo hayamzuii abiria kutazama chini.

Ndege hutua Manda baada ya karibu saa 1, kisha abiria huvuka kwa mashua. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Saa 3 zinatosha kuzunguka vichochoro kwa miguu na kula samaki.

Meli humsubiri nani?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Kwa kawaida, mgeni aliyenunua safari kupitia meli yake husubiriwa ndege ikichelewa, au kampuni ya meli humpangia njia ya kufika bandari inayofuata. Aliyejinunulia safari mjini hubeba jukumu lake mwenyewe. Meli ikiondoka kuelekea Zanzibar au Ushelisheli, nauli ya kuifuata, malazi na stakabadhi za kuingia nchi hiyo vitatoka mfukoni mwake.

Hii haimaanishi kuwa kampuni za hapa si za kuaminika, na mara nyingi bei zao huwa nafuu. Inamaanisha kwamba anayenunua hapa anahitaji akiba kubwa zaidi ya muda. Tsavo na Lamu huacha nafasi hiyo. Mara ya siku moja haiachi.

Ikumbukwe pia kwamba viwanja vingi vya mbugani havina taa. Ndege iliyochelewa kuondoka huko jioni hulala huko. Mvua ya masika nayo huweza kuharibu viwanja vya udongo. Rubani akisema hali ya hewa hairuhusu kuruka, neno lake ni la mwisho, na mwenyeji asimshinikize kwa sababu ya kamisheni.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mkazi anayemsaidia mgeni, au anayeuza safari hizi, ahakikishe maswali haya yamejibiwa:

1. Je, kampuni ya ndege ina cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), na wakala ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA)?
2. Je, bei inajumuisha ada ya mbuga, gari la mbugani, chakula na usafiri kati ya bandari na uwanja wa ndege?
3. Ndege isiporuka, pesa hurudishwa zote au nusu, na kwa muda gani?
4. Kikomo cha mizigo ni kipi? Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 katika begi laini.
5. Ndege inaruka kutoka uwanja gani? Baadhi huondoka Ukunda, Kaunti ya Kwale, na mgeni hulazimika kuvuka feri ya Likoni au kupitia Dongo Kundu. Muda huo utolewe katika zile saa 6.

Majibu yawe kwa maandishi, na malipo yawe na risiti.

Asiyeruka naye ni mgeni

Ndege ya Caravan hubeba watu wapatao 12, ilhali meli kubwa huleta abiria zaidi ya elfu moja. Walio wengi hubaki karibu. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko dakika chache kutoka bandarini, na Mji wa Kale uko pembeni yake. Kwa anayetaka wanyama bila kuruka, Shimba Hills kule Kwale ina ndovu na palahala, swala ambaye hapatikani kwingine porini nchini Kenya.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyeelezwa ukweli kuhusu saa zake hurudi melini kwa wakati, na maneno yake mezani usiku huo ndiyo yanayowafanya abiria wengine washuke gatini kesho, au warudi mwaka ujao.