Mnyororo mpya, meno makuukuu: hasara ya waendeshaji Muhoroni

Kwa wanaokwenda kazini kwa pikipiki kuukuu kati ya Muhoroni, Chemelil na Koru, adui ni wawili: vumbi la kiangazi na tope jeusi la uwanda wa Nyando.

Mwenye fedha haba aghalabu hubana matumizi pasipofaa. Hununua mnyororo mpya na kuuvisha juu ya magurudumu ya meno yaliyokwisha kulika. Meno hayo huumaliza mnyororo kabla ya wakati wake. Ni afadhali angesubiri apate fedha za kubadilisha vyote vitatu kwa pamoja.

Wengine hung'oa chujio la hewa wakidai injini hupata nguvu. La hasha! Vumbi hukwangua silinda na pistoni, na moshi wa samawati unapoanza kutoka, fundi hana budi kuifungua injini.

Kinga si ghali. Injini ya saizi ya 125 huhitaji takriban lita moja tu ya oili. Chujio likiwa la sponji huoshwa kwa sabuni, likakaushwa na kupakwa oili kidogo. Mnyororo nao usafishwe tope, upakwe mafuta, na uachwe ulegee kwa sentimita 2 hadi 3. Ukikazwa mno, hula beringi.