Nyasi za Kulinda Udongo wa Kambi

Usafi wa kambi ni sehemu ya nidhamu ya askari. Lakini hatuna budi kusema kwamba katika kambi nyingi fatiki ya usafi imekuwa ni kufyeka na kufagia mpaka ardhi ibaki tupu. Mvua kubwa inaponyesha, maji huuchukua udongo wa juu, hufukua misingi ya nyumba na kuchimba makorongo katika njia wapitazo watoto wetu.

Dawa yake si kuyaacha majani yakue ovyo, bali ni kupanda nyasi zisizotambaa, ziotazo kwa mashina yaliyoshikamana. Hizo hukaa pale zilipowekwa, na zikitunzwa hubaki kijani mwaka mzima.

Ya kwanza ni vetiva, yenye asili ya Bara Hindi. Mizizi yake hushuka wima, na katika udongo mzuri hupita mita 2. Katika visiwa vya Fiji, miaka ya 1950, ilipandwa kwa safu katika mashamba ya miwa ili kuzuia mmomonyoko. Aina ipandwayo kwa kazi hiyo haitoi mbegu zinazoota, hivyo haigeuki kuwa magugu. Ipandwe kukingama mteremko, sentimita 15 kati ya shina na shina. Safu yenye mwanya ni sawa na lindo lisilo na mlinzi: maji yatapita hapo hapo.

Ya pili ni mchaichai. Huu hupenda jua na udongo usiotuama maji, nao hufaa kando ya njia. Majani yake, kama ajuavyo kila mama wa nyumbani, hutiwa katika chai.

Ya tatu ni mondo, itokayo Japani na China. Wataalamu hawaihesabu kuwa nyasi halisi, ingawa umbo lake ni la nyasi. Ni fupi, hustahimili kivuli cha miti, wala haihitaji kufyekwa.

Kazi hii haidai fedha nyingi. Shina kubwa hung'olewa na kugawanywa, kila kipande kikiwa na mizizi yake. Majani ya vetiva na mchaichai hupunguzwa, kisha vipande hupandwa mvua zinapoanza. Kwa sehemu za Uganda zilizo karibu na Ziwa Victoria, ni Machi au Septemba. Vimwagiliwe mpaka vishike. Baadaye vetiva na mchaichai vikatwe mara kwa mara visizidi kimo cha goti, wala visipandwe mlangoni, kwani kichaka kinene huficha nyoka na panya.

Huenda apandaye leo asiwepo safu itakapofunga, kwa kuwa kazi yetu ni ya uhamisho. Hata hivyo nyumba ni ya taifa, na atakayeipokea ni askari mwenzetu. Askari huhamishwa kwa amri. Udongo usiachwe uhamishwe na mvua.