Lugha ya pili ya tovuti inalipiwa kila mwezi

Mwaka 2017 halmashauri nchini Tanzania, zikiwamo za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, zilipata tovuti zilizojengwa kwenye mfumo mmoja wa Serikali, kwa ushirikiano wa TAMISEMI, Wakala ya Serikali Mtandao na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Mfumo wa kusimamia maudhui ulirahisisha kazi: ofisa anaingia kwa nenosiri, anaandika kichwa cha habari, anaweka picha, anachapisha. Hahitaji kujua kuandika programu.

Lugha ya pili ndiyo inayokula fedha. Chukua tangazo la kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku. Tarehe ya mwisho ikisogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, mhariri anasahihisha ukurasa wa Kiswahili kwa dakika mbili, kisha anarudi kwenye majukumu mengine. Ukurasa wa Kiingereza unabaki na Ijumaa, na hakuna kinachomwonya msomaji. Mfumo unajua kwamba kurasa hizo mbili ni ndugu. Haujui kwamba zimeanza kupishana. Drupal, mfumo wa aina hii ambao tangu toleo la 8 la mwaka 2015 unabeba lugha nyingi bila nyongeza, una kisanduku cha kuweka alama kwamba tafsiri nyingine zimepitwa na wakati. Mfumo mwenzake, WordPress, huhitaji programu ya nyongeza kama Polylang au WPML. Hata hivyo, alama haitafsiri. Lazima awepo mtu, naye alipwe.

Huku Kigoma hesabu ni kubwa zaidi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi Wakongomani tangu 1996, na Warundi waliingia kwa wingi mwaka 2015, wengine wakipelekwa kambi ya Nduta, Kibondo. Shirika linalotaka kueleweka na watu hao na pia na wafadhili wake linahitaji Kiswahili, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Tangazo moja la mgawo wa chakula ni kurasa nne, na kila sahihisho ni kazi nne. Kiha, lugha ya wenyeji, kinaelewana sana na Kirundi, lakini mara nyingi hakimo kwenye orodha ya lugha za mifumo hii. Fundi hukiongeza mwenyewe kwa msimbo wake wa kimataifa, haq.

Kwa maoni yangu, kutafsiri kila kitu ni kutupa fedha. Habari za ziara ya kiongozi zibaki Kiswahili. Kiingereza kipewe kurasa za uwekezaji na kahawa, na Kirundi kipewe afya, usalama na safari za kurejea nyumbani, maana hapo kosa la tarehe linamuumiza mtu. Ukurasa usio na mtu wa kuutunza ufutwe.

Kazi hii inaweza kuajiri vijana wa Kasulu na Kibondo wanaozimudu lugha hizi. Kwa hiyo, anayesaini mkataba wa tovuti asikubali bei ya ujenzi peke yake: adai fungu la tafsiri la mwaka mzima na jina la mhariri wa kila lugha.