Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye

Vijana wanaonijia kuuliza wanunue kamera gani mara nyingi huwa wameshachagua. Wamelinganisha megapikseli, wamelinganisha bei, na akiba yote wameitenga kwa ajili ya kamera. Lenzi watachukua ile ndogo inayouzwa pamoja nayo. Kwa anayetaka kupiga picha za wanyama na eropleni, hesabu hiyo naipinga kila mara. Anza na lenzi, kisha tafuta kamera ya kuifunga kwa fedha zitakazobaki.

Sisi wa Nairobi tuna bahati ya pekee. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu na imepakana na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Faru mweusi anakula majani ya vichaka, na juu yake inapita Cessna Caravan iliyobeba watalii. Kifaa kimoja chaweza kuwahudumia wote wawili, lakini kila mmoja ana madai yake.

Mnyama anadai urefu wa lenzi. Mbugani huruhusiwi kushuka garini ila katika sehemu zilizotengwa, kwa hiyo umbali unaamuliwa na simba. Milimita 300 utazijutia. 400 ndipo pa kuanzia. Hapa kamera yenye sensa ndogo, ile ya APS-C ambayo wengi huidharau, inakufaa sana. Sensa hiyo hukata kingo za picha, hivyo lenzi ya 400 inakupa mwono ambao mwenye kamera ya fremu kamili angeupata kwa lenzi ya 600 hivi. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 na Nikon D500 ya 2016 ni za aina hiyo. Zote mbili hupiga picha 10 kwa sekunde, na ukipata mojawapo iliyotumika kwa uangalifu, ichukue bila wasiwasi.

Lenzi ya 600 yenye f/4 iache kwa wanaolipwa kwa kazi hiyo. Gawanya 600 kwa 4 upate 150: kioo cha mbele hakiwezi kuwa na upana chini ya milimita 150. Uzito unatokana na hapo, na bei pia, ambayo ikiwa mpya hupita dola 10,000. Tena lenzi isiyovuta wala kurudisha ni shida kwa eropleni. Sasa hivi ni doa angani, baada ya sekunde chache imejaa fremu na mabawa yamekatwa. Na barabara za mbugani zina vumbi; kila ukibadilisha lenzi garini unalikaribisha ndani ya kamera.

Chaguo langu ni 100-400. Anayependa wanyama pekee namwelekeza kwenye 150-600 za Sigma au Tamron, ambazo ni nafuu kwa urefu zinaokupa. Zina uzito wa karibu kilo mbili au zaidi, na zikifika 600 hubakiwa na f/6.3, mwanga haba kwa simba wa alfajiri. Weka mfuko mdogo wa mchele juu ya mlango wa gari, laza lenzi hapo, na mwambie dereva azime injini.

Eropleni inadai ustadi wa shata, na hapa ndipo wengi wanapoharibu picha nzuri. Kwa kipanga anayeruka natumia 1/2000 ya sekunde. Ukiipiga Caravan kwa kasi hiyo, pangaboi linaganda na ndege inaonekana kama imezimika angani. Pangaboi lake huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, yaani karibu mara 32 kwa sekunde. Kwa 1/125 linazunguka takriban robo ya duara, na picha inapata uhai. Lakini kwa kasi hiyo ndogo mikono lazima iifuate ndege kwa mwendo wake wenyewe, kiuno kikigeuka, kidole kikiendelea kubonyeza hata baada ya picha. Kama kidhibiti cha mtikisiko kina hali ya kufuata kitu kinachopita, kiweke hapo. Picha nyingi zitatoka na ukungu. Ni kawaida, piga nyingi.

Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani hutafuta jicho la mnyama zenyewe, hata kwenye nyasi ndefu, na baadhi, kama Sony A7R V, zinaitambua hata eropleni. Huo ni msaada wa kweli. Ila shata nyingi za kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, na pangaboi hutoka limepinda kama mundu. Kwa ndege za mapangaboi, rudi kwenye shata ya kawaida.

Saa sita mchana usitafute ndege za mbali. Hewa inayopanda kutoka kwenye ardhi yenye joto hutetemesha picha, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoiponya. Wala usipige picha ndani ya uwanja wa ndege bila kibali.

Ukinunua lenzi iliyotumika, nenda dukani na kamera yako. Vuta hadi 400, fungua tundu lote, piga picha ya kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, kisha kuza picha utazame herufi za pembeni, kwa sababu za katikati karibu kila lenzi huzipata. Halafu mulika tochi ndani ya kioo. Lenzi iliyokaa Mombasa kwenye unyevu bila kutunzwa huota kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni. Ukiziona, irudishe mezani hata kama bei imeshuka nusu.