Ziwa la Samaki Wakubwa Halipatikani kwa Kubahatisha

Kwetu Pwani, anayetaka tewa mkubwa haulizi bahari ni pana kiasi gani. Huuliza mwamba uko wapi. Wavuvi wa mshipi kule Marekani, wanaosaka samaki wa maji baridi aitwaye besi, nao wana maswali yao kabla ya kutia ndoana. Nimeyafuatilia, na yanatufaa sisi pia.

Kwanza huuliza mbegu. Besi wa asili ya Florida hukua kuliko wenzao wa kaskazini, hasa maji yakiwa na joto karibu mwaka mzima. Pili, chakula. Kusini mwa California, besi hunenepa kwa kula trauti wanaomwagwa mabwawani kila mwaka. Tatu, kumbukumbu. Jimbo la Texas tangu 1986 hupokea besi wa kilo 6 hivi na zaidi kwa ajili ya kuzalisha, na maziwa walikotoka hutangazwa. Ziwa linalojirudia kwenye orodha, hapo pana kitu.

Swali la nne ndilo zito: sheria ikoje? Ziwa Fork, Texas, ni bwawa lililofungwa 1980. Walipanda besi wa Florida mapema, wakaacha miti ndani ya maji iwe maficho, kisha wakaweka sharti: besi wa kati ya inchi 16 na 24 arudishwe majini. Besi wakubwa kabisa huwa majike, na hao ndio watagao mayai mengi. Ukiwamaliza, umekula mbegu ya mwakani.

Hapa Kenya, besi aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, akavuliwa miaka mingi. Lakini mwaka 2001 akaonekana samaki mwingine mgeni, kapi, mwenye tabia ya kufukua tope. Besi huwinda kwa macho. Maji yakichafuka, hupata taabu. Haikupita miaka kumi, nyavu zikawa zinajaa kapi badala ya besi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiambiwa ziwa fulani lina samaki wakubwa, usiulize ukubwa wa ziwa. Uliza wanakula nini, maji yakoje, na wenyeji wanarudisha wangapi. Sisi wenye nyavu za matundu madogo hapa Pwani, swali hilo la mwisho latuhusu zaidi.