Chajio si chakula kingine, ni ‘cha jioni’ kilichofupishwa

KATIKA shule nyingi humu nchini, mwanafunzi akiandika kwamba mama aliwapikia ‘chakula cha jioni’, huenda mwalimu akayapitisha maneno hayo kalamu nyekundu na kuandika juu yake ‘chajio’. Nyumbani nako, mtoto huyo huyo akimwambia nyanyake, “Shosho, chajio ki tayari?” ataulizwa amejifunza wapi msamiati huo. Wengi wetu husema tu, “Umekula sapa?”

Makala ya leo yanaangazia neno hili chajio: maana yake, lilikotoka na jinsi linavyohusiana na ndugu yake, chamcha.

Tuanze na maana. Chajio ni mlo unaoliwa jioni au usiku. Kamusi za zamani za Kiswahili kwa Kiingereza ziliongeza kwamba kwa kawaida huo ndio mlo mkuu wa siku. Si ajabu. Mtu aliyeshinda shambani, baharini au malishoni alipoza njaa kwa viporo, mihogo au uji, kisha familia nzima ikakutana jua likishatua na chungu kikaepuliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa mfanyakazi wa Nairobi anayeshindia chai na mandazi, kisha akala ugali saa tatu usiku. Hata hivyo, katika miji mingi ya Pwani mlo mzito ni wa adhuhuri, wali na kitoweo chake, na jioni watu hula kitu chepesi. Kwa hivyo, tusimfunze mtoto kuwa chajio maana yake ni ‘mlo mkubwa’. Neno lenyewe linataja wakati, halitaji ukubwa wa sahani.

Je, lilitoka wapi? Hebu tulipasue: cha + jio.

Sehemu ya kwanza, cha, ni kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI kilichokutana na -a ya uhusiano. Ki- ikikutana na irabu nyingine mara nyingi hugeuka ch-: ki + angu ni changu, ki + ake ni chake, ki + ombo ni chombo. Neno ‘chakula’ lilijengwa hivyo hivyo. Asili yake ni ‘kitu cha kula’. Nomino ‘kitu’ ikadondoshwa, yaliyobaki yakashikana, na leo hakuna anayeyaona kuwa maneno mawili.

Kudondosha nomino namna hii ni mazoea ya kila siku. Methali husema, “Cha mlevi huliwa na mgema,” wala hatuulizi cha mlevi ni nini. Tukikutana njiani mwenzetu hutuuliza, “Umeshakula cha mchana?” Nomino ‘chakula’ haitajwi, ila kila mtu ameelewa. ‘Chakula cha jioni’ nacho huwa ‘cha jioni’, na hapo tumebakisha hatua moja tu kufika kwenye ‘chajio’.

Hatua hiyo ni kudondoka kwa -ni. Hiki ni kiambishi tamati cha mahali tunachokiona katika nyumbani, shambani na mezani. Hutumika pia kwa wakati, kama vile mwanzoni na mwishoni. Katika ‘jioni’ kimeganda kiasi kwamba hatukioni tena, lakini chajio ni shahidi kwamba shina ni jio. Tahadhari tu: si kila -ni mwishoni mwa neno ni kiambishi. ‘Zamani’, kwa mfano, limetokana na Kiarabu na -ni yake ni sehemu ya neno.

Anayeshuku kwamba neno zima linaweza kuzaliwa kwa njia hii na avuke mpaka hadi Uganda. Katika Kiganda, chakula cha jioni huitwa ekyeggulo: ekya (cha) + eggulo (jioni). Cha mchana ni ekyemisana, kutokana na ekya + emisana (mchana). Cha asubuhi nacho ni ekyenkya, yaani ekya + enkya (asubuhi). Ni ujenzi ule ule wa chajio, ila wenzetu waliukamilisha kwa milo yote mitatu, na ndiyo maneno wanayotumia majumbani.

Sasa tuje kwa chamcha. Vitabu vya shule hulitumia kwa maana ya chakula cha mchana, nalo hupasuliwa hivi: cha + mcha(na). Juu juu linafanana na chajio, lakini kuna tofauti ambayo mwalimu makini anafaa kuijua. Katika jioni, kilichoondolewa ni kiambishi, kwa hivyo neno limekatwa kwenye kiungo. Katika mchana, silabi -na si kiambishi, ni sehemu ya shina. Linganisha na emisana ya Kiganda: -na ipo huko pia. Kwa hivyo, chamcha limekatwa katikati ya mfupa, kwa kufuata mfano wa chajio. Tena kipande ‘mcha’ kikisimama peke yake hutupeleka kwingine kabisa, kwa mcha Mungu, yaani mtu anayemheshimu na kumwogopa Mola.

Je, hilo linalifanya chamcha kuwa kosa? La. Lugha huunda maneno kwa kukata na kuunganisha, na hata tarakilishi liliundwa kwa kuchukua vipande vya maneno. Neno likikubaliwa na watumiaji, limekuwa neno. Ila tusimweleze mwanafunzi kwamba ‘mcha’ ni shina lenye maana ya mchana.

Kuna pacha mwingine wa kuogopwa: chamshakinywa. Kwa kuwa linaanza kwa cham- kama chamcha, baadhi ya wanafunzi hudhani yanatoka mahali pamoja. Sivyo. Chamshakinywa ni ki + amsha + kinywa, yaani kinachoamsha kinywa. Ch- yake imetokana na ki- kukutana na kitenzi amsha. Hakuna ‘cha’ ya umilikaji hapo. Ndiyo maana wengine husema kiamshakinywa na hawajakosea, na Watanzania nao husema kifungua kinywa. Staftahi, jina jingine la mlo huo, lina asili ya Kiarabu katika mzizi wenye maana ya kufungua.

Kuhusu ngeli, chajio na chamcha ni za KI-VI, kama chakula. Tuseme chajio kimeiva, vyajio vimeiva. Chamcha kitamu, vyamcha vitamu. ‘Chajio imeiva’ ni kosa. Staftahi, kwa upande wake, iko katika I-ZI: staftahi imeandaliwa.

Turudi kwa ile kalamu nyekundu. ‘Chakula cha jioni’ si kosa la sarufi wala la msamiati. Ndicho kirai kilichozaa chajio, na bado ki hai midomoni mwa Waswahili. Mwalimu anayemnyima mwanafunzi alama kwa kukiandika anamfunza kwamba Kiswahili anachokisikia kwa wazee wake ni kibovu. Afadhali amwonyeshe kwamba yote mawili ni sahihi, kisha amweleze jinsi moja lilivyotokana na jingine. Akifanya hivyo, mtoto atapata neno jipya bila kupoteza la zamani.

Jambo hili haliishii darasani. Chukua mgonjwa mzee aliyeandikiwa: ‘Kidonge kimoja baada ya chajio.’ Ikiwa maisha yake yote amesema ‘chakula cha jioni’ au ‘cha usiku’, huenda akadhani chajio ni aina fulani ya chakula, au akameza dawa wakati usiofaa. Kwenye maagizo ya dawa, matangazo ya umma na fomu, aandikaye na atumie kirai kirefu kinachoeleweka na wote. Kwenye insha, hadithi na habari za magazeti, chajio lina nafasi yake, tena ni fupi na lina asili safi ya Kibantu.

Walimu wanaolipenda neno hili wasilifanye mtego wa mtihani. Walipeleke jikoni. Siku tutakapowasikia wazazi wakiwaita watoto, “Njooni, chajio ki tayari,” halitahitaji tena kutetewa na kalamu nyekundu.