Blanketi la Mikono Sita



Wengi wenu mnaijua Mweya kwa jina tu. Ni ile rasi iliyo pale Mfereji wa Kazinga unapokutana na Ziwa Edward, ndani ya Mbuga ya Queen Elizabeth. Watalii huja kutazama viboko na tembo. Sisi tulikwenda kuwaona wenzetu wanaofua mashuka, wanaopika na wanaofagia, na katika nyumba moja ya wafanyakazi tukaoneshwa blanketi ambalo ndilo lililotufanya tuandike habari hii.

Limefumwa kwa kroshia, yaani kwa sindano moja yenye kulabu, si kwa zile mbili za sweta. Lina vipande 80 vya mraba vilivyounganishwa, vyenye rangi ya udongo, nyeusi na ya majani makavu. Nakshi yake si yale maua ya vitambaa vya viti tuliyoyazoea. Ni mistari inayopishana kama kamba za kitanda, na ukifika katikati inabadili njia ghafla. Tulidhani mfumaji amekosea hesabu. Akina mama watatu waliolifuma walitucheka sana.

Walieleza kwamba nakshi hiyo waliinakili kutoka kitambaa cha Wakuba, kilicholetwa na mchuuzi kutoka Kongo kupitia mpaka wa Mpondwe, pale Bwera. Kwao Wakuba ni Kasai, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka mpakani kwetu. Wanaume wa huko hufuma kitambaa kwa nyuzi za majani ya mwale, na wanawake hukitarizi. Wakitaka kiwe laini kama mahameli, hupitisha uzi kwa sindano bila kupiga fundo, kisha huukata kwa kisu kidogo. Uzi haung'oki, kwa sababu kitambaa chenyewe kimebana. Kubadili nakshi katikati ya kazi ni desturi yao, wala hapana aliyekosea. Mwanahistoria Jan Vansina ameandika kwamba wamisionari walipomwonesha mfalme wa Wakuba pikipiki, katika miaka ya 1920, yeye hakuijali sana pikipiki yenyewe. Alipenda alama za matairi mchangani, akaamuru zinakiliwe ziwe nakshi.

Lakini jambo lililotugusa sisi watu wa chama ni jingine. Sketi kubwa za Wakuba, zenye urefu wa mita kadhaa, hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Vipande viligawiwa kwa wanawake wa ukoo, mmoja wao akasimamia, kisha vikaunganishwa. Sketi ikawa mali ya ukoo, na mara nyingi ilitunzwa kwa ajili ya kuzikia. Baadaye vitambaa hivi vilifika Ulaya. Mchoraji wa Ufaransa, Henri Matisse, alivitundika ukutani mwa chumba chake cha kazi, na makumbusho yakavihifadhi kwenye kabati za vioo. Jina la mchoraji linajulikana duniani kote. Majina ya akina mama waliotarizi mara nyingi hayakuandikwa popote.

Sasa turudi Mweya. Mchuuzi mmoja alitaka kulinunua blanketi kwa shilingi 90,000 akaliuze kwa watalii. Uzi peke yake uliwagharimu 60,000. Tukaomba daftari la mtoto wa shule, tukapiga hesabu pamoja. Kila kipande huchukua dakika 45, kwa hiyo vipande 80 ni saa 60. Kuviunganisha na kufuma pindo ni saa 10 nyingine. Jumla ni saa 70 kwa shilingi 30,000. Mtu akifanya kazi saa 8 kwa siku, ujira wake haufiki 3,500. Mlinganishe na anacholipwa kibarua wa kuchuma pamba huko kwenu, mtuambie.

Mchuuzi naye alikuwa na hoja zake. Alisema hii ni kazi ya jioni, ya kupitisha muda, na kwamba sokoni Kasese blanketi la kiwandani ni rahisi kuliko hili. Hatulidharau blanketi la kiwandani, maana wanaolitengeneza ni wenzetu. Lakini lile hutoka kwenye mashine. Sweta nayo ina mashine yake. Kroshia halisi haina mashine mpaka leo, popote duniani. Zile za viwandani huigiza sura yake tu. Kwa hiyo ukiona kofia au begi la kroshia likiuzwa kwa bei ya kutupa, hata katika duka la Ulaya, ujue pana mtu aliyekaa akalifuma kitanzi kwa kitanzi, na hapo ndipo bei ilipopunguzwa. Na hiyo jioni anayoisema mchuuzi inakuja baada ya kufua mashuka ya wageni tangu asubuhi.

Mtauliza: je, sheria inasemaje? Kiwango cha chini cha mshahara kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kulibadili jambo hilo, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kipimo cha kumwekea mchuuzi mbele hatukukipata kwenye sheria, ikabidi kitoke kwenye daftari.

Akina mama walikubaliana hawatauza chini ya gharama ya uzi pamoja na ujira wa siku 9 wa kibarua wa shamba. Saa zitaandikwa kila jioni, na aliyefuma vipande vingi atapata zaidi. Mmoja alipinga, akisema mteja atakimbilia kwa wafumaji wa Bwera. Ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana wawili kati yao wanakwenda Bwera siku ya soko na daftari lao, kuzungumza na wafumaji wa huko kabla mchuuzi hajafika. Blanketi limebaki Mweya, limekunjwa juu ya sanduku.